Sakafu Niliyoipima kwa Ziwa

Jumatatu, 8 Desemba
Mama ametangaza wakati wa uji. Kibanda chake cha mabati, cha kuwekea majembe, bomba la dawa na mbegu za kabichi, kitaletwa Alhamisi kutoka Mwisenge. Atakayekitandikia sakafu ya pevingi bustanini atapewa chumba kidogo ambacho vitu hivyo vimekijaza. Chumba! Mwakani naingia kidato cha nne, na nasomea jikoni kati ya sufuria na kuku. Dada Rhobi anakitaka asukie watu nywele. Atamwomba jirani yetu Mzee Machibya, fundi mstaafu. Nikasema mimi sihitaji fundi. Rhobi alicheka mpaka uji ukamtoka puani. "Profesa, wewe hata kitanda chako kinakushinda kutandika!"

Jumanne, 9 Desemba
Nimechimba hatua mbili kwa mbili. Mzee Machibya akachungulia juu ya ua wa minyaa, mkononi ana mpira wake mwembamba wa kupimia usawa. Unajazwa maji, mmoja anashika ncha huku, mwingine kule. Akaomba tushikiane. Nikaona aibu. Huwa anauliza maswali mengi na mimi huishiwa maneno. Nikamjibu, macho chini, kwamba siku hizi kuna fizikia.
"Sawa mwanangu," akasema. "Ila ardhi huwaga haisomi."
Akaondoka taratibu. Nilimjibu vibaya. Sijui kwa nini.

Jumatano, 10 Desemba
Nimepata kipimo! Ziwa! Maji yaliyotulia hulala sawa, na hapa Makoko tunayaona toka bustanini. Nikalaza ubao juu ya mchanga, nikalala kifudifudi, nikausogeza mpaka ukalingana na pale ziwa linapokutana na anga. Barabara kabisa. Kushindilia nimeacha, mchanga wenyewe ulionekana mzito. Pevingi mia moja na kumi. Mgongo sina. Rhobi akauliza upande wa minyaa, ambako ziwa halionekani, nimeupima kwa ziwa gani. Wivu tu.

Alhamisi, 11 Desemba
Kibanda kimefika kwa guta la magurudumu matatu. Kimesimama! Mama akanishika bega mbele ya watu, akaniita fundi wake. Mlango ulifunguka wenyewe mara tatu. Nikauegemezea jiwe. Mbegu nimezipanga chini, konani. Vitabu vyangu viko chumbani, kwa kufuata alfabeti.

Ijumaa, 12 Desemba
Mvua tangu alfajiri. Kona ya upande wa minyaa imezama. Kibanda kimeinama kama mtu anayetafuta shilingi. Maji yote yamekimbilia konani, kwenye mbegu. Mbegu za msimu mzima!
Mama hakunigombeza. Alizimwaga kwenye ungo, akaanza kuzitenganisha kwa kidole, akasema labda nyingine zitaota. Afadhali angenichapa.
Mchana Mzee Machibya akaja na mpira wake. Rhobi akashika ncha ya pili. Walikisogeza kibanda, wakang'oa pevingi zote, wakashindilia, wakapanga upya. Mimi nilibeba mchanga. Mzee hakuitaja fizikia hata mara moja. Hilo ndilo limeniuma kuliko yote.
Vitabu vimerudi jikoni. Kuku amekalia kile cha jiografia.

Jumapili, 14 Desemba
Baada ya ibada nilikwenda kumwomba Mzee radhi. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi. Nikayasahau, na karatasi nikaisahau pia. Nikasema, "Samahani, babu," basi. Akanimiminia chai. Akasema Jumamosi niende anifundishe ule mpira wa kupimia, kazi haina aibu. Nilitaka kulia. Nikaahidi. Nimejifunza, kwa kweli nimejifunza.
Jioni bibi akapiga simu kutoka Butiama. Anataka kujengewa msingi wa tenki la maji, anatafuta fundi. Nikamwambia asihangaike. Nitafika Jumamosi. Mzee Machibya ataelewa. Kule ziwa halionekani, lakini paa la kanisa lao limenyooka vizuri sana.