Nirudishieni Pole Yangu

Mheshimiwa Mkuu wa Shule ya Udaktari,

YAH: OMBI LA KUMFELISHA MKE WANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni fundi wa lifti, mtu mzima, mwenye akili timamu, na mume wa yule mwanafunzi wenu wa mwaka wa kwanza mwenye umri wa kuwazaa wenzake darasani. Nimesikia kwamba Alhamisi kamati yako itaamua kama arudie ule mtihani wake mmoja na kuingia mwaka wa pili, au afungiwe mlango. Naiomba kamati, kwa unyenyekevu mkubwa, ifunge mlango. Kazi yangu ni milango. Ukikwama, nitakuja kuusukuma mwenyewe.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu lugha yenu naimudu kwa kununulia mkate na kuelezea kebo iliyolegea, lakini kuikasirikia bado siwezi. Usihofu, tafsiri nimeiambatanisha. Ameifanya mke wangu. Nyumbani hatuna mtafsiri mwingine, na nimemwapisha asibadilishe hata nukta. Alicheka mara kadhaa akiifanya, jambo ambalo naomba lihesabiwe kuwa utovu wa nidhamu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Tulihamia nchi hii kwa ajili ya kazi yangu mimi. Mke wangu alikuja akiwa fundi cherehani, tena fundi hasa, mtu wa kukutazama ukishuka ngazi akajua kiuno chako bila kushika futi. Hapa alikuta watu wananunua nguo zilizoshonwa tayari na kuzitupa zikifumuka. Alishika tama msimu mzima wa baridi. Siku moja akaniambia anataka kusomea udaktari, nami nikasema, "Haya, soma." Mheshimiwa, hiyo ndiyo ruhusa yote mliyonayo kutoka kwangu. Mtu anayesema "haya" huku anatafuta rimoti chini ya kochi hajaruhusu kitu.

2. Cherehani yake mmeigeuza rafu ya vitabu. Pembeni yake anasimama kiunzi cha mifupa cha plastiki, amevishwa kofia yangu ya kazini. Binti yetu anamwita Mjomba na kumwamkia kila asubuhi kabla hajaniamkia mimi, baba mwenye nyama. Suruali zangu zimefumuka na hakuna wa kuzishona. Cherehani hiyo haiguswi na mtu. Narudia, ili kamati ielewe vizuri: haiguswi na mtu yeyote, hata mke wangu anapokuwa maktaba.

3. Mama mkwe wangu, ambaye tangu posa aliniona mzigo, sasa anapiga simu kila jioni. Hatusalimiani tena. Nikipokea tu, anasema, "Mpe daktari." Nyuma yake majirani wamejipanga foleni, wametoa ndimi mbele ya kamera, na sisi huku tuko mezani tunakula. Juzi aliiweka simu tumboni ili mwanawe asikilize linavyonguruma. Mwanawe alikuwa bafuni, ikabidi nisikilize mimi. Nikaombwa maoni. Nikasema gesi. Kumbe nilipatia, na sasa naitwa daktari msaidizi ukoo mzima. Sikuomba cheo hicho, na shemeji yangu tayari ameninunia kwa kutompa miadi.

4. Sasa nije kwenye huo mtihani. Mlimletea mzee mmoja, mwigizaji, ajifanye ameanguka ngazini na kuumia goti. Kwetu mtu akikwambia ameanguka, unampa pole. Unampa hata kama humjui, hata kama ulikuwa umelala alipoanguka. Pole si dawa, na si kukiri kosa. Ni ya kumjulisha mtu kwamba umemsikia na kwamba hayuko peke yake na goti lake. Lugha yenu, pamoja na majengo marefu mliyo nayo, haina neno hilo.

Mke wangu alipekua kichwani akalipata lililo karibu zaidi, lile lenu la kuomba msamaha. Akamwinamia yule mzee na kumwambia kwa huzuni yote, "Nisamehe sana." Mzee akasahau kuigiza, akamuuliza kama ni yeye aliyemsukuma. Mke wangu, kwa woga, hakulisikia swali vizuri. Akajibu ndiyo, kisha akaomba msamaha tena. Msimamizi wenu akaandika kwamba mwanafunzi huyu anakiri makosa ambayo hakuyafanya, na kwamba daktari wa namna hiyo ataiponza hospitali mahakamani.

Nilipoambiwa hayo nilicheka hadi nikakaa sakafuni. Halafu nikamwona yeye hacheki. Alikuwa amekaa karibu na Mjomba, amemshika mkono wa plastiki, machozi yanamlengalenga. Nikainuka sakafuni, nikakaa karibu naye. Naomba aya hii isitumike dhidi ya ombi langu.

5. Nilidhani yameishia hapo. Thubutu! Ameanza mazoezi ya kutosema pole, na anayafanyia nyumbani kwangu. Majuzi kidole gumba changu cha kushoto kiliumia. Kiliumiaje, si hoja ya barua hii. Nilimwendea nikiwa nimekifunga kwa taulo, nikasimama mbele yake kusubiri neno langu. Tangu tuoane sijawahi hata kujikwaa bila kupewa pole. Akavuta kiti, akanikazia macho, akaniuliza, "Kati ya moja na kumi, maumivu unayapa ngapi?"

Nikamwambia kumi na mbili.

Akauliza nilitobolewa na nini. Nikasema skrubu ya lifti. Akalitazama tundu kwa muda mrefu, akasema skrubu hiyo ni nyembamba mno. Akaosha, akafunga bandeji safi, iliyonyooka, nakubali, maana mkono wake ni uleule. Lakini pole hakusema. Usiku ule nililala nimeutazama ukuta. Iliniuma sana, Mheshimiwa, na sizungumzii kidole.

6. Sasa tazameni mbele. Mwaka wa pili atasahau "ugua pole". Mwaka wa tatu nitahitaji miadi ili nile naye wali. Akifika mwaka wa mwisho, mama mkwe wangu atakuwa ameiga, majirani wamemwiga yeye, na watu wetu wote watakuwa wakianguka ngazini na kuulizana namba. Kiswahili chote kitabaki mifupa mitupu iliyovaa kofia. Lawama hiyo mtaibeba ninyi.

Kwa hiyo naiomba kamati ichague moja. Ama imfelishe mke wangu na kunirudishia kama nilivyompata, ama ijifunze neno "pole" kabla ya Alhamisi. Ni silabi mbili. Utaliona katika tafsiri limeachwa vilevile, kwa sababu mtafsiri alihangaika nalo jioni nzima, akashindwa. Alipofika hapo, kwa taarifa yako, hakucheka.

Naomba kuwasilisha. Nisalimie wajumbe wote wa kamati, mlinzi wa getini, na yule mzee wa ngazini. Mpe pole yake, hata kama aliigiza. Binti yetu anakusalimu. Mjomba naye anakusalimu, mkono ameuinua.

Wako katika kupanda na kushuka,

Fundi wa Lifti

Nyongeza: Haya ya chini ya saini mke wangu hajayaona. Nimeyaandika alipokwisha kutafsiri, akaenda kulala. Tafadhali mwite yule mama wa kantini yenu akusomee. Ni wa kwetu, na nasikia anatunza siri. Nilitaka kuuliza: koti jeupe la mwaka wa pili linaishia juu ya goti au chini yake? Nimeshakata kitambaa. Mkono wa kushoto wa koti umekaa vizuri. Wa kulia ndio ulionipitishia sindano kidoleni, na umetoka mfupi kidogo. Nilimjaribishia Mjomba, likampwaya; nikajaribu mwenyewe, likanibana. Mpeni arudie huo mtihani, nawasihi. Koti hili halimtoshi mtu mwingine.