Ng'ombe ya Ndani ya Kompyuta

Jumatatu, tarehe 2 Agosti 1999

Sekretariati yetu iko na kompyuta, na kompyuta iko na mi. Tantine Cansilde, mwenye mashini na mwenye nyumba ninamolala, anasema ni ya kupiga barua za watu. Mi naona mbali. Jumamosi ni gusaba ya Mwiza, binti yake: familia ya bwana inakuja kumuomba, wazee wanabishana kwa maneno matamu, ng'ombe inatolewa. Muziki inatakikana. Régis jirani, kwa ajili ya redio-kaseti yake, anajiona amekwisha kuchaguliwa. Nikamwambia Tantine: muziki ya diski, ndani ya kompyuta, Gisenyi haijaona. Akaniangalia sana. Sawa, akasema, lakini nikiharibu fête, sherehe ya mutoto wake, narudi kwetu Nyakiriba kulima viazi, na kiti changu anapewa Régis.

Viazi. Mi, na mikono hii.

Jumanne, 3

Mashini ikitaka kusema kitu inalia "ting". Sauti ya masikini. Nimeitoa. Nimeweka sauti ya Bihogo, ng'ombe ya Tantine iliyokufa wakati wa mvua. Nilikuwa nayo kwenye kaseti. Keza, tunayepiga naye barua, aliyekulia Uganda na haogopi mashini wala mutu, alicheka mpaka akaacha kazi. Siku muzuri.

Jumatano, 4

Shida. Muziki inacheza polepole, tamu. Mara Bihogo analia kama amesimama ndani ya sikio. Mama mumoja aliyeleta barua ya kanisa alitoka mbio, barua ikabaki. Nikapunguza kifungo cha mabafle, yale masanduku ya sauti: muziki ikapotea, ng'ombe ikabaki. Nikaongeza: muziki ikarudi, ng'ombe ikatikisa vioo.

Nimebadilisha waya. Nimegeuza mabafle yaangalie ziwa. Nimepangusa mashini ndani, kutoa unyevu. Bure. Ni Régis. Waya ya antena yake inapita juu ya paa yetu.

Tena kila Bihogo akilia, kadirisha kanakuja kwenye ekrani na Kifaransa mingi. Nakafunga. Keza akasema: "We Gad, si ukasome?" Fundi hasomi kila kitu. Akasema pia niwashe imprimante, kuko karatasi za programu ya fête zinangoja kutoka tangu Jumatatu. Nikamwambia imprimante inatoa karatasi, haitoi sauti. Tena inakula umeme. Ibaki imezimwa.

Ijumaa, 6

Nimepata dawa! Kifungo nimekipeleka mpaka mwisho. Sasa muziki iko na nguvu kama ng'ombe. Donc, basi, wako sawa. Keza akauliza kama ng'ombe nayo haijaongezeka. Wivu ya watu waliosoma.

Jumamosi, 7

Naandika usiku, fête imekwisha.

Kompyuta tuliibeba kwa mukokoteni. Imprimante tuliiacha, ni muzito. Régis alikuja amevaa koti, akaketi mbele, anangoja nianguke. Muziki ikaenda vizuri. Wazee wakaanza. Nikazima diski, heshima. Mzee Bizumuremyi, musemaji wetu, akasimama na fimbo. Akawaambia wageni, kama kawaida ya gusaba, kwamba wamepotea njia, hapa hakuna binti.

Bihogo akalia.

Watu walitoka nje kuangalia. Callixte, musemaji wa bwana, hakukawia. "Mzee, ng'ombe ya kwako imekwisha kujibu. Inatafuta mwenzake."

Sasa, Bizumuremyi alichunga ng'ombe miaka yote. Mutu kama huyo hawezi kusikia ng'ombe ikilia bila kuisifu. Akainua fimbo, akaimba sifa, muzuri sana, wamama wakapiga makofi. Akarudi kusema hakuna binti. Bihogo akalia tena. Akasifu tena. Mi nageuza vifungo vyote, kadirisha kanakuja, nakafunga, kanakuja. Prizi ya umeme iko nyuma ya wazee wa bwana, na katikati ya wazee wanaoongea hakuna mutu anapita. Nikaanza kuona shamba ya viazi, mustari kwa mustari.

Mwisho Mzee aliishiwa sifa. Akaketi. Akasema: "Mi nasema hatuna binti, ng'ombe inasema tuko naye. Sishindani na ng'ombe. Mumuchukue Mwiza, lakini mutu anyamazishe ile kitu."

Régis ndiye alicheka kwanza, yule mubaya. Tantine hakucheka. Alikuwa anafuta macho na kitenge. Nikaanza kufunga mizigo kichwani.

Jumatatu, 9

Keza aliwasha imprimante bila kuniuliza. Programu za fête zikatoka, moja nyuma ya ingine, fête imekwisha. Bihogo akanyamaza kabisa. Keza akanionyesha pia vifungo vidogo ndani ya ekrani: kimoja cha diski, kiko chini, kingine cha sauti za mashini, kiko juu mpaka mwisho. Akasema ni hayo tu. Nikamwambia tutaona.

Saa sita Tantine akaingia. Hakutaja viazi. Akaketi pale pa wateja, akauliza kwa sauti kidogo: "Gad, mwana wangu, Bihogo yuko wapi? Niliijua ile sauti."

Basi nimefikiri. Bihogo anaogopa imprimante, iko wazi. Nimeizima, nimeifunika na gunia. Nimepiga barua ya parokia, nimeituma itoke. Kifungo mpaka mwisho, juu ya Tantine hasikii sana. Padri anakuja kuichukua kesho.

Bihogo amelia. Tantine ametabasamu. Kadirisha ka Kifaransa kamerudi.

Nimekafunga.