Taa Moja, Upande wa Kushoto

Jumapili, 5 Oktoba. Riyadh.
Rispah, mchumba wangu, amepiga simu kutoka Jeddah, kwa madam wake mtaa wa Ruwais, anakofanya kazi za nyumbani. Jumamosi baba mdogo na wazee wenzake wanaenda kwa wazazi wa Rispah, Nyamira, kuniposea. Baba yake anataka kuniona kwanza, hata kwa picha tu. Picha moja! Ndoa yangu yote imening'inia hapo.

Bahati ninayo. Ghada, binti wa bosi, ana mtihani wiki ijayo wa sanaa ya Baroki, ile ya Ulaya ya miaka mia nne iliyopita. Anasoma kwa sauti kiti cha nyuma nikimpeleka chuoni. Leo Italia. Mchoraji Caravaggio wa Roma: giza tupu, kisha mwanga mmoja kutoka kando, na uso unatokeza. Mahujaji wake wana nyayo chafu kama zetu! Nilishangaa mpaka nikapita geti la chuo. Ghada akasema halas, basi, geuza gari.

Jumatatu, 6 Oktoba.
Danson, mlinzi wa geti la bosi, amejitolea kunipiga picha. Ana mtindo mmoja tu: kando ya gari la bosi, meno yote nje. Nusu ya Wakenya wa mtaa wa Manfuha wamepigwa hivyo, na gari ni lile lile. Nikamwambia sanaa haina meno. Akauliza kama naumwa.

Jumanne, 7 Oktoba.
Leo kaskazini. Huko Uholanzi makanisa ya Waprotestanti hayakutaka picha ukutani, basi wachoraji wakageukia nyumba za watu. Samaki mezani, barua, jikoni. Rembrandt alijichora mwenyewe hadi uzeeni, bila kuficha hata kunyanzi moja. Na Vermeer alimchora mtumishi wa nyumbani akimimina maziwa dirishani. Mtumishi! Si madam wake. Mwanga wote wa nyumba kampa yeye. Ghada alinionyesha kwenye simu tukiwa taa nyekundu, na macho yakanilowa. Honi nyuma yetu. Yalla, twende, Elly, akasema, ni kijani.

Nikamwandikia Rispah asimame dirishani amimine maziwa. Akajibu ana nguo ishirini za kupiga pasi. Lakini jioni picha ikaja. Jagi, mikono yake, mwanga shavuni. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo, na nimemwambia.

Jumatano, 8 Oktoba.
Zamu yangu. Stoo, mlango umefungwa. Nyuma, pazia jeusi la mke wa bosi. Tochi juu ya gunia la mchele, upande wa kushoto. Shuka begani, miguu peku, vumbi nimejipaka mwenyewe. Macho juu, kuelekea mwanga. Sikutabasamu. Danson alibonyeza simu, akasema nafanana na mtu aliyekwisha. Wivu huo! Nimeituma moja kwa moja kwa baba yake Rispah, bila maneno. Kazi kama hii haihitaji maelezo.

Ijumaa, 10 Oktoba.
Kimya tangu juzi. Bila shaka bado wanaitazama.

Baadaye. Balaa! Rispah amepiga simu, analia na kufoka kwa pamoja. Mama yake alipoiona picha alipiga mayowe. Wanaamini niko korokoroni, nimenyang'anywa ikama, kibali changu cha kuishi huku, na viatu. Kanisa zima linafunga na kuomba tangu jana. Baba yake ameichapisha, kubwa, akaibeba hadi kwa chifu, na amesema binti yake haolewi na mfungwa. Rispah amenipa hadi kesho asubuhi nipige picha kama binadamu, la sivyo nimsahau. Nilijaribu kumweleza Caravaggio. Akakata simu.

Jumamosi, 11 Oktoba.
Nimemwendea Danson nimenywea. Gari la bosi, jua la saa nne, meno yote. Picha mbaya kabisa, haina kivuli hata kimoja. Nimeituma kwa aibu.

Saa nane baba mdogo akapiga simu. Waliingia wakakuta picha yangu ya stoo mezani na watu wamepiga magoti. Wakadhani nimekufa, wakaangua kilio nao. Katikati ya maombi simu ya baba mkwe ikalia: mimi, meno, gari! Vigelegele. Baba mkwe akatangaza kwamba mtu aliyefunguliwa na Mungu kwa kasi hiyo hawezi kunyimwa mke. Wamekubali! Nimeruka mpaka kofia ya Danson ikaanguka. Rispah anataka nimwambie babake ukweli leo leo. Nimeahidi.

Jumapili, 12 Oktoba.
Bado sijamwambia. Nimekuwa nikifikiri. Ghada anasema Kanisa la Roma lilitaka picha za kuwafanya waumini walie na kupiga magoti. Na yangu je? Kanisa zima, siku tatu, hata chai hawakunywa! Ya Danson imemliza nani?

Sasa ni mama yangu, kule Siaya, ambaye hajamwona Rispah. Ile ya maziwa naipenda mno, nitabaki nayo mwenyewe. Leo Ghada amenionyesha mtakatifu wa kike wa mchongaji Bernini, kaanguka nyuma juu ya wingu, nguo kama inapepea, na yote ni marumaru. Marumaru! Nimemwandikia Rispah alale chali kwenye kochi, afumbe macho, mdomo wazi kidogo, shuka jeupe mpaka miguuni. Tochi moja, upande wa kushoto. Ameuliza kwa nini. Nimemwambia aniamini. Ikifika tu namtumia mama, bila maneno.