Wazo Bovu la Kumpa Hadiya

Jumatatu, 12 Januari

Nafasi moja! Moja tu! Watu wa filamu wanakuja Katesh kutoka Arusha Jumamosi ya tarehe 24. Kila kijana ataleta hadithi ya ukurasa mmoja. Itakayoshinda itapigwa filamu hapa hapa Hanang, na mwenyewe ataondoka nao kwenda kujifunza miezi sita. Madam Judica, anayetufundisha kuandika skripti kila Jumatatu kwenye ukumbi wa kata, ametangaza leo. Nikikosa, nakwenda Dongobesh kwa shangazi Marieta kujifunza cherehani. Baba ameshasema. Shangazi ameshanitengea kiti.

Nikampa Madam kaunta buku langu. Lina picha 112, zote nimeziona kwa macho yangu na kuziandika tangu kidato cha pili. Picha ya 7: ukungu umeshuka kijijini kwetu Mogitu, kuta zimepotea, mabati yanaelea. Picha ya 58: godoro jekundu linapanda mlima, chini yake miguu miwili. Picha ya 90: ng'ombe kwenye kivuli cha lori. Lori linaondoka. Ng'ombe anabaki kwenye jua, ameduwaa.

Madam akasoma, akasema nina jicho. Halafu akauliza: sasa hapa nani anataka nini?

Nikasema ng'ombe anataka kivuli.

Darasa zima likacheka. Hadiya alicheka kuliko wote, kisha akasema yeye hiyo ya ng'ombe ameipenda kweli. Mnafiki.

Hadiya ni binti wa Mzee Zubery mwenye duka la vitambaa. Tumemaliza naye kidato cha nne Novemba. Ana simu yenye kamera tatu kwa nyuma. Mimi natengeneza fremu kwa vidole. Anaongea na kila mtu, na kila mtu anamwambia kila kitu. Mimi nikiulizwa jina langu hutafuta kwanza pa kutazama.

Jumatano, 14 Januari

Mpango: kukaa sokoni Katesh, kimya, karibu na wauza maharage, nikusanye hadithi za watu bila wao kujua.

Mpango haukuhesabu shikamoo. Kila mkubwa akipita, nasimama. Shikamoo. Marahaba, wewe wa nani? Wa Basili wa Mogitu. Basili yupi, yule mrefu? Hapana, yule mwingine. Ahaa, mama yako si ni Efrazia wa kwaya? Ndiyo. Kufikia saa sita nilikuwa nimesimulia ukoo wangu kwa watu kumi na wanne. Sijasikia hadithi hata moja.

Mama mmoja akasema nishikie huyu kuku nakuja sasa hivi. Nikamshika mpaka saa tisa.

Hadiya akapita. Akaniita kwa sauti, watu wote wageuke: "Paska! Umeanza biashara?" Alikuwa na mwanamke aliyekuwa akimweleza jambo huku analia. Analia! Dakika kumi sokoni, ameshapata machozi. Mimi nimepata kuku, na si wangu.

Ijumaa, 16 Januari

Mpango mpya: kuusoma ukurasa wa Hadiya kwa siri. Niende dukani, niulize zipu, akigeuka kuitafuta nichungulie kwenye kaunta.

Nikafika. Kabla sijataja zipu akaniwekea karatasi mkononi mwenyewe. Ilikuwa tupu! Kichwa cha habari tu, kimekatwa mara nne.

Akasema amekwama. Maneno anayo mengi, lakini akifumba macho haoni kitu. Akanishika mkono: "Nipe hata kitu kimoja, Paska. Wewe unaona vitu."

Nikasema nitafikiri.

Kutoka Katesh mpaka nyumbani nilikuwa nacheka ndani kwa ndani. Nitampa, kwa nini nisimpe? Nitamtafutia wazo bovu kuliko yote katika wilaya nzima. Alisome mbele ya wageni. Asimame pale na simu yake ya kamera tatu, ukumbi upige miayo.

Jumamosi, 17 Januari

Nimelipata kabla ya chai!

Babu Tomaso na Mzee Gidahosh, jirani yetu mfugaji. Hawajasalimiana tangu kabla sijazaliwa. Hawana ugomvi. Ni kwamba hakuna anayejua nani mkubwa, na mdogo ndiye anayepaswa kutoa shikamoo. Babu anasema nzige walipokuja yeye tayari alikuwa anachunga mbuzi. Mzee Gidahosh anasema nzige haohao walimkuta anachunga ng'ombe, na ng'ombe hapewi mtoto mdogo. Basi kila mmoja anamsubiri mwenzake.

Wanakutana kila asubuhi kwenye kijia cha bombani, katikati ya mahindi. Wakikaribiana, babu anainama kukagua jani. Mzee Gidahosh anasimama kutafuta ng'ombe ambaye hajapotea. Wanapishana. Kuna shina moja la mahindi pale ambalo babu amelikagua mpaka majani yamechakaa.

Leo nilikuwa na ndoo kichwani, nimechelewa, nikawakuta wote wawili. Sikuwa na nafasi ya kusalimia mmoja mmoja. Nikasema shikamooni. Wakajibu marahaba, pamoja, sauti moja. Halafu wakashtuka kama watu waliogusana kwa bahati mbaya, kila mtu akashika njia yake.

Hadithi gani hiyo? Hakuna anayesema kitu! Hakuna anayekufa! Wazee wawili, jani na ng'ombe asiyekuwepo. Inafaa kabisa.

Jumapili, 18 Januari

Nimempa. Nilikwenda dukani baada ya misa. Mwanzoni nilisita, kwa sababu Hadiya alinimiminia chai na kuniita mwandani wake mbele ya mama yake. Nikajikaza.

Akasikiliza akiwa amefunika mdomo kwa mkono. Nikamwona anajizuia kucheka, nikajua anaona aibu kwa niaba yangu. Akauliza: wakipishana, babu anatazama wapi? Kofia anaivua? Ili aingie mtegoni vizuri nikamchorea. Vichoro vinane. Vidole vya babu kwenye jani. Fimbo ya Mzee Gidahosh imesimama, yeye haonekani. Ndoo inakuja katikati yao kama refa. Nilichora mpaka chai ikapoa. Kazi ya kumharibia mtu inataka uvumilivu.

Jumatano, 21 Januari

Amekuja nyumbani! Kwa bodaboda, na mkate wa kumpa babu!

Akapiga goti kidogo, shikamoo babu. Marahaba, mjukuu wangu, karibu kiti. Akampa kiti chake. Kile ambacho mimi nikikigusa naulizwa nimekosa pa kukaa. Hadiya akamwuliza habari za nzige. Babu, ambaye mimi huniambia "lete maji" na "funga mlango", aliongea saa mbili. Aliimba! Sikujua kama anaimba. Mama akamletea Hadiya maziwa mgando kwenye kibuyu cha wageni.

Kisha akavuka kwenda kwa Mzee Gidahosh. Huko nako nikasikia kicheko.

Babu akanitazama, akasema: "Huyo rafiki yako anajua kuuliza. Wewe unaangalia tu kama paka."

Sikula.

Ijumaa, 23 Januari

Nimemaliza ukurasa wangu. Unaitwa "Ukungu". Unaanza na ukungu. Unaendelea. Mwishoni unaondoka. Nimekumbuka swali la Madam, nikaongeza sentensi: "Ukungu unataka kutua."

Sijawahi kuandika kitu kizuri hivi. Kesho Hadiya atajua tofauti ya picha na porojo.

Jumamosi, 24 Januari

Niandike polepole.

Hadiya alikuwa wa sita, mimi wa saba. Akasimama, akasoma wazo bovu. Ukumbi ukanyamaza. Nikafurahi. Kisha mtu akacheka nyuma, wakacheka wote, na alipofika kwenye ile shikamooni mama mmoja akajifuta macho kwa khanga. Mkuu wa wageni, kaka Herman, aliacha kuchezea kalamu. Akasema hii karibu haina maneno, picha ndizo zinazosema, na mtu unajua tangu mwanzo wazee wanataka nini: kuitikia neno moja tu, marahaba. Madam Judica alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayesikia wimbo wake.

Kaka Herman akainua vichoro vyangu vinane. Nani amechora?

Hadiya akanyoosha kidole. Kwangu! Akasema mbele za watu wote wazo ni la Paskalina, vichoro ni vya Paskalina, yeye ameandika tu. Vichwa vyote vikageuka. Masikio yakaniwaka moto. Kaka Herman akasema kama ndivyo, basi nafasi ni yangu. Ni kweli, dada?

Nikafikiri haraka. Nikikubali, itabidi nieleze kwa nini nilimpa. Na ukurasa wangu ulikuwa bado mkononi haujasomwa! Nani atausikiliza "Ukungu" akijua kwamba mwandishi ndiye aliyeleta mambo ya jani na ng'ombe?

Nikasema hapana, si mimi. Yangu ni ya ukungu.

Madam akaniuliza tena, taratibu: "Paskalina, una hakika?" Nikasema nina hakika, Madam.

Nikasoma. Ukungu ukatua, ukaondoka. Kaka Herman akanishukuru, akauliza: na hapa nani anataka nini?

Nafasi amepewa Hadiya.

Alhamisi, 29 Januari

Wamekuja kupiga filamu, na asubuhi ukungu ukashuka mpaka kwenye mahindi! Kaka Herman akaruka kwa furaha. Wazee wawili wanatokea kwenye weupe, kila mmoja upande wake, miguu haionekani. Ni picha yangu ya 7. Ilimngojea Hadiya!

Walihangaika pa kuweka kamera. Nilikuwa pembeni, nikajisemea kwamba iwe chini, usawa wa magoti, ili wazee wote wawili waonekane wakubwa. Mwenye kamera akasikia, akaishusha, wakatazama kioo cha kamera, wakashangilia. Kaka Herman akauliza nani amesema. Nikajificha nyuma ya zizi.

Hadiya akapita katikati na ndoo. Shikamooni. Marahaba! Sauti moja. Kaka Herman akasema kata.

Wazee hawakukata. Babu akamwuliza Mzee Gidahosh kama yule ng'ombe wake wa madoa amepona. Mzee Gidahosh akasema alipona, akazaa, akazeeka, akauzwa. Babu akasema pole. Wakabaki wamesimama pale pale njiani wakiongea, watu wa filamu wakafungasha vyombo, wao bado. Babu alikuwa ameshika bega la mwenzake. Mama aliwapelekea chai kwenye mahindi.

Nilitazama kwa mbali. Hadiya amenichukulia nafasi, ukungu, na sasa hata babu.

Jumapili, 1 Februari

Begi la Dongobesh limefungwa. Naondoka kesho. Nimeweka kaunta buku chini, nguo juu.

Hadiya alikuja kuaga, naye anakwenda Arusha kesho. Macho yalimjaa machozi. Akasema kaka Herman anataka wazo la pili kufikia Aprili, na ameuliza tena habari za yule dada wa ukungu. Akasema niandike mimi safari hii, kwa jina langu, yeye atalifikisha. Amenipa namba aliyoandika kwenye karatasi, nipige kwa simu ya shangazi.

Nimemwelewa. Hana kitu kichwani, amerudi kwangu tena.

Basi nimempa palepale, na nimemsisitizia aweke jina lake. Ni habari ya mama yangu kwenye kwaya. Kwa miaka tisa anangoja kupewa sehemu ya kuimba peke yake, na anaona haya kuomba. Basi kila Pasaka anasogea hatua moja mbele. Alianza mstari wa nyuma karibu na mlango. Sasa amesimama mbele ya mwalimu wa kwaya, anamziba, waimbaji hawaoni mikono ya mwalimu, na hakuna mtu anayethubutu kumwambia mama arudi nyuma. Hadiya alifunika mdomo kwa mkono. Nikamchorea vichoro kumi na viwili.

Hii ni mbovu kuliko ya kwanza. Safari hii hatoki mtegoni!