Gego Langu na Mahindi ya Jumamosi

Jumatatu, 11 Agosti
Gego la chini kushoto limekwisha. Daktari Halvorsen kaligonga mara moja tu, nikaruka hadi mtoto mapajani akaamka. Lazima litoke. Nikamwambia Jumamosi nina shindano la kula mahindi kwenye maonyesho ya kaunti, na mwaka huu namvua wifi Roxanne utepe wa ushindi. Miaka mitatu anao.

Akanieleza taratibu, kama anayefundisha chekechea. Kung'oa kuna namna mbili. Ya kwanza: jino linaonekana lote, unatiwa ganzi, linalegezwa, koleo, basi. Ya pili ni upasuaji: ufizi unachanwa, jino linakatwa vipande, unashonwa. Langu ni la namna ya kwanza. Alhamisi, saa tatu asubuhi. Kisha vyakula laini siku kadhaa.

Alhamisi! Nitapona lini? Likitoka mapema, nitapona mapema.

Jumanne, 12 Agosti
Britta, wangu wa miaka sita, alikuwa na jino linaloning'inia. Lyle, baba yake, akalifunga mshipi wa kuvulia samaki, ncha ya pili kwenye kisahani cha hoki, kile cha mpira mgumu, akakichapa kwa gongo la mchezo huo kuelekea gereji. Ndivyo alivyong'olewa yeye, na baba yake, na nusu ya Minnesota. Likatoka kabla Britta hajafumba macho.

Nikawaza. Si ndiyo ile namna ya kwanza? Imepungua ganzi tu.

Lyle alipokwenda kazini nikafunga gego langu mafundo matatu. Nikampa Britta gongo. Akapiga. Mtoto ana mkono huyu.

Gego likabaki. Kilichoruka ni kipande cha juu cha jino. Nikalia ndani ya taulo, mdogo asiamke. Britta akanisugua mgongo, akaokota kile kipande, akakiweka chini ya mto wangu ili kijini wa meno, yule anayenunua meno ya watoto usiku, akikute. Akanionya nisitegemee zawadi kubwa, maana si jino zima.

Jumatano, 13 Agosti
Halvorsen alinitazama kinywani. Kisha akasema mizizi ya jino la utoto huyeyuka yenyewe, ndiyo maana hutii mshipi. Mizizi yangu ni ya mwaloni. Na sasa koleo halina pa kushika.

"Jana ulikuwa wa namna ya kwanza, Janelle. Leo umejihamishia ya pili."

Ufizi ukachanwa. Mizizi ikagawanywa. Nyuzi nne. Uji na supu, siku kumi.

Jioni wifi akaja na viazi vya kuponda. Kaviponda laini mno, kwa mapenzi yote ya adui. "Pumzika, wifi yangu," akasema. "Mahindi hayataki mapengo."

Nikavila vyote. Nikarudisha bakuli safi. Nikamwambia tutaonana Jumamosi.

Ijumaa, 15 Agosti
Shavu kama boga. Lyle kasema nisithubutu kwenda. Nikamwambia anyamaze, ambadilishe mtoto nepi. Nimefanya mazoezi kwa ndizi, upande wa kulia.

Jumamosi, 16 Agosti
Dakika kumi, wanahesabu magunzi. Nilianza vizuri, upande wa kulia tu. Kwenye gunzi la tano nikajisahau, nikatafuna kote. Uzi ukaachia. Nikapangusa damu, nikachukua la sita. Mezani wifi aliacha kucheka. La saba, la nane. Kengele.

Yeye tisa. Mimi nane. Akanisogelea na leso, akaninong'oneza kwamba nina wazimu. Nadhani ilikuwa heshima. Britta anamwambia kila mtu mama yake ameshinda. Nimemkataza kusema uongo, kisha nikambusu.

Jumatatu, 18 Agosti
Halvorsen ameshona upya. Akauliza kama nimejifunza lolote.

Nimejifunza. Nikamweleza kwamba kushoto, penye pengo, punje zilipita zenyewe, hata kutafuna hazikuhitaji. Kilichonichelewesha ni upande wa kulia, penye gego. Nikamwuliza gego la kulia ni la namna gani, la kwanza au la pili, kwa mtu anayetaka kuwa amepona kabla ya Agosti ijayo.

Akasema hilo ni zima kabisa.

Sikumwuliza kama ni zima.