Molekuli ya Binti Yangu Haikustahili Sifuri

Mheshimiwa Mkuu wa Shule,

Kwa heshima na taadhima, na kwa hasira niliyojitahidi kuikunja pamoja na karatasi hii, nakuandikia mimi seremala, baba wa yule binti wa dawati la mbele. Mwalimu wa kemia amempa sifuri kwa molekuli ya mbao niliyomchongea kwa kufuata mchoro alionichorea binti mwenyewe. Bila alama hizo haingii mkondo wa sayansi. Tangu Jumatatu mtoto hali chakula, anachokonoa sahani tu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Atomu zote zimo. Nimezihesabu mimi, kahesabu mama yake, kahesabu na mama mkwe ambaye hata hanipendi. Viungo nimevitia gundi. Mwalimu aikalie akitaka.

2. Eti nimeichonga kinyume, kama inavyoonekana kiooni. Kwani mtu akijitazama kiooni anakuwa mwingine? Basi kila asubuhi mimi namnyoa ndevu nani?

3. Anasema kuna molekuli mbili za namna hii, atomu zilezile, zimeshikana vilevile, lakini moja hunukia mnanaa na pacha wake hunukia kiungo cha kisibiti. Jamani! Yangu nimeinusa. Inanukia vanishi. Hata ningechonga ya pili, ingenukia vanishi.

4. Anasema ukiigeuza vyovyote haiwi ile. Ni kweli, tumeigeuza Jumamosi nzima, juu chini, ubavu kwa ubavu, mpaka shingo yangu ikagoma kurudi. Lakini ukaidi wa molekuli mtoto wangu unamhusu nini?

5. Mkono wa kushoto wa mwalimu una vidole vitano sawa na wa kulia. Mbona wenyewe haupewi sifuri?

Kwa hiyo naomba alama zirudishwe, kioo cha ofisi ya walimu king'olewe maana ndicho chanzo cha fitina, na mwalimu aiombe molekuli radhi kwa maandishi.

Nisalimie walimu wote, karani na mlinzi wa getini. Mwalimu wa kemia naye msalimie, ila kwa mkono wa kushoto.

Mimi mzazi mwenye uchungu,
Fundi Seremala

Tanbihi: Ule mlango wa maabara niliouleta leo asubuhi, tafadhali msiupokee. Bawaba nimezifunga upande siko, unafungukia kwenye meza. Mbao ni zilezile, skrubu ni zilezile, lakini mlango si huo, na nimeona aibu kweli. Mchoro wa binti ulikuwa sahihi. Aliniambia baba umegeuza, nikamuuliza seremala hapa ni nani. Hiyo sifuri ni yangu, Mkuu. Niandikieni mimi, mtoto aingie darasani.