Mlango Mmoja wa Stesheni ya Ghalani

Mtaa wa Ghalani,
Bariadi.
Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi.

Ndugu Mkuu wa Stesheni,

Nakuandikia nikiwa nje ya ukuta wako, mahali ninaposimama kila asubuhi tangu Jumanne iliyopita. Ninalalamikia mlango.

1. Stesheni yetu ilikuwa ghala la pamba. Lilijengwa na mlango mmoja ili anayetoka na robota aonekane. Treni ya kwenda mjini ilipoanza, ghala likapakwa rangi na kuwekewa saa na benchi. Mlango wa pili haukumjia mtu akilini, kwa sababu pamba haina mama mkwe.

2. Mimi ninaye. Ni Bi Kwandu Mboje, mkata tiketi uliyemwajiri Jumanne hiyo, na kiti chake kiko mlangoni. Desturi yetu unaijua: ukimwona mkweo njiani, unampisha. Nikimwona narudi nyuma hatua kumi. Naye akiniona anaacha kiti, anajificha nyuma ya tangi la maji. Hapo tiketi hazikatwi.

3. Jumatano nilijifunika mwavuli. Alinitambua kwa viatu, maana ndiye aliyeninunulia siku ya harusi. Alhamisi niliingia kinyumenyume. Kumbe naye alikuwa ameugeukia ukuta ili nipite. Tuligongana migongo, na hadi leo hatujaombana radhi, kwa kuwa ingebidi tuonane.

4. Ijumaa niliwaeleza abiria wenzangu. Wanaume kumi na wanne wakakumbuka kwamba wake zao humwita Bi Kwandu mama mdogo. Nao wakarudi nyuma. Treni ya saa kumi na mbili na dakika arobaini iliondoka na abiria watatu, wote hawajaoa.

5. Bi Naila, mwenye duka la saruji ninakofanya kazi, aliniambia Jumamosi: "Masalu, Jumatatu ukichelewa, usije kabisa."

Jumatatu ni leo. Naomba basi utoboe mlango wa pili ndani ya dakika thelathini na tano. Ukuta ukiwa mgumu, hamisha stesheni. Mama asihamishwe, kiti amekizoea. Ikishindikana, treni isimame nyumbani kwangu. Ni mita mia nne tu.

Wasalimie walinzi, fundi wa reli na wale abiria watatu. Msalimie na mama, kwa mbali.

Wako aliye nje,
Masalu Ndaki

Nyongeza: Nimeambiwa sanduku la malalamiko liko ndani. Kwa haraka nimesahau kurudi nyuma; nimeingia, nikampa mama barua hii kwa mikono miwili ailete kwako. Ameisoma yote akiwa amekaa, kisha akanirudishia na kunisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba. Viatu alinunua dada yangu. Rekebisha, upande treni."

Narekebisha nikiwa ndani ya behewa. Tundu unaloliona pembeni ni la koleo lake la tiketi. Ameikata barua pamoja na tiketi. Jioni nitaileta mwenyewe, kupitia mlangoni. Puuza namba zote tano. Lile la treni kusimama nyumbani kwangu bado naliomba.